Siku yangu moja kwenye ulingo wa nzohe

Saa 10 alfajiri

Kabla sijanawa uso natoka nje ya hema na soksi kuukuu mkononi. Nimeijaza majivu ya mkaa yaliyochekechwa. Ukiigonga kwa kidole linatoka vumbi jeupe, nalo linakuonyesha upepo unakoelekea. Leo upepo unatoka kaskazini, mwepesi, unatambaa karibu na ardhi. Basi tutakalia ulingo wa kona ya kusini, unaotazama kaskazini, ili harufu yetu ibaki nyuma yetu.

Mimi ni mfuata nyayo katika kambi ya uwindaji nchini Uganda, kando ya mto Mayanja, kule maji yanapojikokota kwenye mafunjo kuelekea mto Kafu. Mnyama anayewaleta wageni hapa ni nzohe, swala wa kinamasi ambaye jirani zetu Waganda humwita njobe. Kambini Kiswahili ndicho kinachotuweka pamoja. Mimi ni Mnubi wa Bombo, mfuata nyayo mwenzangu ni Mkaramojong wa Moroto, askari wa Mamlaka ya Wanyamapori ni mtu wa Arua, na mwindaji bingwa wetu, anayewaongoza wageni, amekulia Tanzania.

Nyumbani Bombo watu huniuliza sana. Mtu anaacha kwao Marekani au Ujerumani, analipa dola za kutosha kununua shamba, anakuja kukaa juu ya miti akiumwa na mbu kwa ajili ya mnyama mmoja tu. Raha iko wapi? Nimekaa na wageni wa kutosha hata nikapata jibu, na jibu lenyewe linaonekana vizuri ukiifuata siku nzima.

Saa 11

Chai ya rangi na chapati. Hakuna manukato, hakuna sabuni yenye harufu, hakuna sigara. Afande anakagua kibali tena kwa tochi: nzohe dume mmoja.

"Kaka, upepo vipi?"

"Wa kaskazini, afande."

"Basi leo mko vizuri."

Njia ya kwenda ulingoni ni magogo yaliyolazwa juu ya tope. Natangulia mimi, mwindaji bingwa na mgeni wanafuata. Hapa hakuna maneno, ni mkono tu: simama, twende, inama.

Saa 12

Ulingo wetu ni nguzo za mikaratusi zilizofungwa kwa waya, na juu yake sakafu ya mbao na ukingo wa kuegemeza bunduki. Mafunjo ya hapa yanampita mtu mrefu mara mbili, kwa hiyo usipopanda juu huoni kitu. Mgeni anakaa katikati. Ukungu bado umelala juu ya maji. Kwarara wanapita wakipiga kelele, kisha korongo taji wawili, halafu kunatulia.

Ninayemsindikiza leo ni mzee wa makamo kutoka Marekani. Siku ya kwanza alipopanda hapa aliona ukuta wa kijani na basi, kama wote wanavyouona. Nikamwonyesha alichonionyesha aliyenifunza kazi hii. Usimtafute nzohe mzima, hutamwona. Mafunjo yote yamesimama, mgongo wa mnyama umelala. Tafuta mstari uliolala. Ukishaupata, tulia juu yake mpaka sikio litikisike.

Leo asubuhi anautafuta mwenyewe. Namwangalia. Darubini inakwenda polepole kutoka kushoto, inafika mwisho, inarudi tena. Inasimama. Ananigusa goti na kuonyesha kwa kidevu. Naangalia pale, nami nachelewa kidogo kabla sijaona: mstari mwekundu wa kahawia, mita mia na ushee, chini ya mafunjo yaliyoinama. Ni jike na mtoto wake, wanakula machipukizi. Yeye ndiye aliyewaona kwanza, na uso wake ulivyochangamka, ungesema hakuja kutafuta kingine. Watu wengi hudhani furaha ya uwindaji imo kwenye risasi. Mimi naamini imo hapa, mtu anapogundua kwamba macho yake yanaweza kuona kitu ambacho jana hayakukiona.

Saa 1 asubuhi

Dume anatokea upande ambao hatukuutegemea. Kwanza ni mafunjo matatu yanayotikisika bila upepo. Halafu pembe.

Kumsoma dume ni kazi ya subira. Kijana ana rangi nyepesi na shingo nyembamba. Aliyekomaa amekuwa mweusi wa kahawia, manyoya marefu yenye mafuta, shingo imejaa, pembe zimejisokota na ncha zake zimeng'aa kwa kusuguliwa. Mwindaji bingwa anamtazama kwa muda mrefu, kisha ananitazama mimi. Natikisa kichwa: ndiye. Ni mzee, na majike wa kona hii wana madume wengine wa kuwatosha.

Mgeni ameshaweka bunduki kwenye ukingo, lakini hapigi. Anaomba kwa kidole dakika moja. Anataka kumtazama. Dume anashuka kwenye maji hadi tumboni, anakata chipukizi, anatafuna. Ubao tulioukalia unatetemeka kidogo, naye anavuta pumzi mpaka utulie. Ndipo anapopiga.

Sauti inakwenda hadi ng'ambo na kurudi. Dume anaruka mara moja na mafunjo yanafunga nyuma yake. Nimeshaandika kichwani mahali alipoingilia: bua lililovunjika, kushoto kwa kichuguu chenye mti mkavu.

Saa 2

Hatushuki mara moja. Mnyama aliyejeruhiwa ukimkimbilia, anakwenda mbali na anateseka zaidi. Tunasubiri, kisha mwenzangu anakuja na mbao mbili na fimbo ndefu.

Sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo wageni wengi hawakuijua kabla ya kuja. Chini yako si ardhi, ni mizizi ya mafunjo iliyosukana juu ya maji, na ukikanyaga inabonyea. Tunakwenda hatua kwa hatua. Bua lililovunjika leo lina unyevu kwenye mvunjiko, la jana limeshakauka na kukunjamana. Maji ndani ya wayo nayo yanasema: yakiwa bado yana matope, mnyama amepita sasa hivi, yakiwa yametulia na kuwa meupe, ni mwingine wa usiku. Damu tuliiona kwenye mabua, upande wa kulia, juu kidogo ya goti langu, nyekundu yenye povu. Povu ni pafu. Mwenzangu akanong'ona, "Hayuko mbali."

Hakuwa mbali. Alikuwa amelala kwenye njia yake mwenyewe, amekwisha kufa, kichwa kikiwa juu ya mafunjo aliyoyalaza kwa miaka.

Nikamwita mgeni. Akaja na tope hadi mapajani, akapiga magoti, akaweka mkono shingoni kwa mnyama na kukaa hivyo bila kusema kitu. Halafu akaomba jambo ambalo sikulitarajia: nimrudishe nyuma, hadi pale alipoingilia, na nimwonyeshe kila alama niliyoifuata. Tukarudi. Nikamwonyesha bua, nikamwonyesha maji, nikamwonyesha wayo wenyewe. Kwato za nzohe ni ndefu na zinapanuka zinapokanyaga, hivyo uzito unasambaa na mnyama hazami. Akaupima wayo kwa mkono wake, ukafika karibu urefu wote kutoka kifundo hadi ncha za vidole. Katika siku zote alizokaa nasi sikumwona akiwa na furaha kama alipokuwa ameinamia lile dimbwi dogo akiangalia tope likishuka chini.

Saa 4

Kumtoa dume mzito kwenye kinamasi ni kazi ya watu wanne na kamba. Mchunaji wetu anaanza bila kuchelewa kwa sababu joto haliisubiri ngozi. Anachuna, anakwangua mafuta yote, anaipaka chumvi, anaikunja na kuitandika kivulini. Fuvu linakwenda kwenye pipa la maji ya moto.

Nyama inakwenda kijijini, na kabla jua halijawa kali kina mama wameshafika na mabeseni. Mimi Muislamu, nyama ambayo haikuchinjwa siili, kwa hiyo mchana wangu ni posho, yaani ugali, na samaki wa Ziwa Kyoga. Yupo pia mzee mmoja mfugaji, jirani yetu, ambaye hachukui hata mchuzi. Yeye ni wa ukoo wa Njobe, na mnyama huyu ndiye muziro wao, yaani mwiko wa ukoo. Hamli, hamuui. Huja tu kusalimia na kumtazama dume.

"Karibu, mzee."

"Asante, mwanangu. Huyu alikuwa mkubwa."

Anakaa kivulini na kumsimulia mgeni, nami nikitafsiri, jinsi wazee wake walivyowinda zamani: wavu umetandazwa, mbwa wamefungwa njuga shingoni, vijana wanapiga kelele kuwasukuma wanyama, na kabla ya kwenda wanamwomba Ddungu, lubaale, yaani mungu wa jadi, wa wawindaji wa Buganda. Mgeni akauliza ni nini walichokipenda zaidi. Mzee hakufikiri. Alisema kuwa pamoja. Siku ya msako kijiji kizima kilikuwa kitu kimoja, hata waliokuwa wamegombana, na aliyewahi kumgusa mnyama kwanza kwa mkuki aliitwa jina lake mbele ya watu wote.

Saa 7 mchana

Mapumziko. Wengine wanalala, mimi nasafisha darubini.

Ninajua kuna watu, hata hapa Uganda, wanaouchukia uwindaji wa aina yoyote, na ninawaheshimu. Nchi hii imeona kinachotokea bunduki zikiwa mikononi mwa kila mtu bila utaratibu. Faru wa mwisho wa porini aliuawa 1983, na ilibidi wengine waletwe kutoka Kenya mwaka 2005, hapa hapa wilaya ya Nakasongola, kwenye hifadhi ya faru iitwayo Ziwa. Uwindaji ulipigwa marufuku 1979. Uliporudishwa 2001 ilikuwa kwa majaribio, kwenye ranchi zilizo jirani na Ziwa Mburo, chini ya mgao wa idadi ya wanyama. Sheria ya Wanyamapori ya 2019 nayo imeongeza makali kwa majangili, hadi kifungo cha maisha kwa anayeua wanyama walio hatarini zaidi.

Mimi nimefungua mitego ya waya kwenye mafunjo haya kwa mikono yangu. Waya hauchagui. Unamnasa jike mwenye mimba na mtoto wa wiki mbili sawasawa na dume. Na anayetega hakai kumtazama mnyama, hajui kona hii ina majike wangapi, anarudi kuchukua kilichokufa, wakati mwingine kimeshaoza. Hapo mnyama anakufa na hakuna hata mtu aliyepata raha ya kumjua.

Wapo pia wageni wanaokuja kwa futi kamba. Dume akianguka tu, wanapima pembe, na zikipungua kidogo siku yao imeharibika. Siwalaumu, wamelipa. Ila nimeona kwamba hao ndio wasiorudi.

Saa 10 jioni

Kibali cha mgeni kimekwisha, mnyama wake amempata. Angeweza kulala au kunywa bia yake barazani. Akaja kunitafuta jikoni. Anataka kupanda ulingo tena, bila bunduki.

Tukaenda wawili. Upepo haujageuka. Jioni nzohe huanza kutoka jua linapolainika, na kwa saa nzima hatukuona kitu zaidi ya furukombe juu ya mti mkavu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuna mnyama ndani ya maji. Nikaangalia, nikaona maji tu. Akasisitiza. Nikatulia pale pale aliponionyesha, na kweli, pua mbili na sehemu ya paji la uso, vingine vyote viko chini. Nzohe akiogopa huzama hivyo na kusubiri. Jike alikaa muda mrefu, halafu akanyanyuka taratibu, maji yakichuruzika kwenye manyoya, akatoka upande wa pili. Kwa mbali dume akabweka, bweko kavu kama la mbwa, na mwingine akamjibu.

Mgeni akaniuliza nilianza vipi kuyaona haya. Nikamweleza. Tukashuka giza lilipoingia.

Saa 2 usiku

Moto, nyama ya kuchoma kwa wanaoila, matoke kwa wote. Moto ndipo siku inaposimuliwa upya, na kila mtu ana sehemu yake: afande aliyesikia mlio na kuhesabu hadi kumi, mchunaji aliyeona risasi ilipopita, mgeni na ile pua ndani ya maji, ambayo tayari amesimulia mara mbili na tunamsikiliza tena kwa moyo.

Mwenzangu wa Moroto hajakubali kushindwa. Anasema kinamasi kinamfundisha mtu nusu tu, kwa sababu maji yanafuta. Yeye alijifunza nyayo utotoni kwa kutafuta ng'ombe waliopotea, na anaweza kukuambia ng'ombe aliyepita jana anachechemea mguu gani.

"Kaka, huyu mzee mlete kwangu Karamoja. Vumbi halidanganyi. Nitampa nyayo za nyati tangu asubuhi hadi jua likae utosini."

"Na akichoka?"

"Hachoki huyu. Hukumwona leo kwenye tope?"

Nikamtafsiria. Mgeni akaingia hemani, akarudi na ramani, akaitandaza karibu na moto na kutaka tumwonyeshe Moroto iko wapi na mvua za huko hukatika mwezi gani.