Honda CG125 ya mzee, tapeti na nati moja iliyogoma kutoka

Hii Honda ni ya baba. Alikuwa bwana shamba, na ndo ilimzungusha vijiji vya Mvomero na Kilosa miaka na miaka kabla hajastaafu. Ni CG125 ile ya zamani, ya umeme wa volti 6 na platini (kiswichi kidogo kinachokata umeme ili plagi itoe cheche), taa yake usiku ni kama umewasha kibatari, na cheni imefunikwa bati zima juu na chini. Baada ya mzee kustaafu ilikaa kwenye banda la kuku kama miaka 4 hivi, kuku wanalala juu ya usukani, na siti ilikuwa imegeuka nyeupe kwa sababu ambayo sina haja ya kueleza. Mimi nilipohamia Kihonda, hapa Morogoro, kikazi nikamwambia naichukua, akacheka tu, "chukua, ila usije ukanipigia simu kwamba imekusumbua."

Wiki ya kwanza nikampigia simu. Shida ilikuwa kiki, yani mguu unashuka mpaka chini kirahisi kama unakanyaga cherehani, hamna ile nguvu ya kukurudisha juu, na ikiwaka inawaka kwa kubembelezwa dakika 10. Kabla ya hapo nilikuwa nimeipeleka kwa fundi mmoja jirani, akapiga kiki mara 3, hakulegeza hata boliti moja, akaniambia "bro hapa ringi zimeisha, tunabadili pistoni, tunachonga bloku, we andaa laki na themanini." Kusema ukweli sikuwa nayo, kama ningekuwa nayo saa ile ningeitoa palepale na leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nikaisukuma mpaka nyumbani jasho linatiririka.

Baba kwenye simu aliuliza kitu kimoja tu: "Tapeti umeziangalia?" Yani ule uwazi mdogo kati ya valvu na mkono unaoisukuma. Nikasema fundi amesema ringi. Akasema "sijakuuliza fundi amesema nini."

Basi kesho yake asubuhi nikaanza, na asubuhi ni muhimu maana tapeti hupimi injini ikiwa ya moto, iwe imelala usiku mzima. Nikatoa plagi, nikatoa mfuniko wa juu, pale unaona ile mikono miwili midogo inayosukuma valvu, moja ya kuingiza na moja ya ekzosi. Kushoto nikafungua kava la magneti ili niweze kuzungusha injini kwa spana mpaka ule mstari wenye herufi T ukae sawa na alama yake. Hapa nilikosea na nadhani wengi wanakosea, kwa sababu pistoni inafika juu mara mbili kwenye mzunguko wake, mara moja ikiwa inabana upepo na mara nyingine ikiwa inatoa moshi, na T inaonekana zote mbili. Mimi nikapima ile ya moshi, nikaona mikono imebana kabisa nikaanza kulegeza kumbe nalegeza visivyo. Mzee akanipa ujanja: ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, zungusha taratibu, ule upepo ukikisukuma kidole nje ujue hiyo ndo yenyewe, malizia mpaka T. Ukifika hapo mikono yote miwili inakuwa na uchezo kidogo, ukiishika inasema tik tik.

Wa ekzosi haukusema tik hata mara moja. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia uwazi, ya milimita 0.08 haikuingia, nikajaribu ya 0.05, nayo hola. Maana yake valvu haifungi kabisa, inabaki imeachia kauwazi kembamba, upepo wote unaopaswa kubanwa unatokea kwenye ekzosi, ndo maana kiki laini. Na ukiendelea kuiendesha hivyo valvu inaungua, hapo sasa hiyo laki na themanini unaitafuta kweli. Kurekebisha kwenyewe ni kulegeza nati, unageuza kile kisikrubu chenye kichwa cha mraba, unapitisha fila mpaka uhisi inakwaruza kidogo kama unavuta karatasi chini ya kitabu, halafu unakaza nati. Shida ni kwamba ukikaza nati kisikrubu nacho kinageuka. Nilirudia mara 5, mara ya 6 nikakishika na koleo huku nakaza, kikatulia.

Nikarudisha kila kitu nikakanyaga kiki. Mguu ulirudishwa juu mpaka goti likaniuma, na nilifurahi kwa maumivu hayo sijui niseme nini. Ikawaka kiki ya pili.

Sasa nikajiona fundi, ndo balaa likaanza. Nikamwaga oili, ikatoka nyeusi kama lami. Hizi CG hazina ile filta ya karatasi, zina kikombe upande wa kulia ndani ya kava la klachi, kinazunguka na injini na uchafu unarushwa pembeni unaganda humo. Nilikifungua nikakwangua tope zito kama kiwi ya viatu, lingejaa kijiko cha chai kwa urahisi. Hiyo sehemu ilienda vizuri. Iliyoharibika ni boliti ya kumwagia oili, niliikaza kwa spana niliyoiongezea bomba ili iwe ndefu, nikasikia imekuwa laini ghafla, nikajua tayari nimekula uzi. Chini pale ni aluminiamu, haitaki ubabe. Ilibidi niende kwa mafundi wa kuchonga mjini wakanikatia uzi mpya mkubwa zaidi na boliti yake, elfu 15 imeondoka hivohivo.

Halafu tanki. Ndani lilikuwa na kutu, ukimulika na tochi ya simu unaona magamba, na ile kutu ndo ilikuwa inashuka kwenye kabureta inaziba jeti ndogo (kile kitundu cha kupitisha mafuta), kwa hiyo silensa, yani ule mngurumo wa taratibu bila resi, haikai, ukiachia resi inazima. Kabureta nilifungua mezani juu ya trei ya chai (mke wangu hajui mpaka leo), jeti nikazisafisha kwa petroli na unywele wa nailoni wa mshipi wa kuvulia. Waya usitumie, jeti ni ya shaba na ukiipanua kidogo tu tayari umebadilisha kipimo cha mafuta. Tanki nikaliweka nati 30 na maji ya sabuni, nikalikumbatia na kulitikisa kama kayamba nusu saa nzima, watoto wa jirani wamekaa ukutani wanapiga makofi. Nikamwaga, nikasuuza, nikakausha juani, nikamalizia kwa kusuuza na petroli haraka kabla kutu haijarudi. Nikahesabu nati. 29. Nikalipindua, nikalipiga, nikavuta na sumaku ya spika mbovu, hamna kitu. Nikasema bora liende. Na kwa kuwa nilikuwa na kopo la rangi nyekundu ya kupuliza nikapuliza tanki zima, na kifuniko chake.

Ikapendeza. Jumamosi nikatoka kwenda Mzumbe, na kabla hata ya kufika Sangasanga ikaanza kukohoa ikazima. Nikasubiri robo saa, ikawaka kama haijafanya kitu, nikaenda kidogo ikazima tena. Wiki mbili zilizofuata nilibadili plagi, nikaweka D8EA mpya, nikasugua platini kwa msasa laini nikaipima upya, nikabadili kondensa, mpaka koili nikanunua ya elfu 25, na kila mara naenda majaribio inazima palepale. Siku ya mwisho nimekaa kando ya barabara ya Iringa, mabasi yananipulizia vumbi, nikafungua kifuniko nione kama mafuta yapo. Kikasema fsssss, kama soda.

Kifuniko kina kitundu kidogo cha kupitisha upepo, mafuta yakishuka upepo unaingia kujaza nafasi. Kikiziba, ndani ya tanki kunakuwa na mvuto, petroli inagoma kushuka, kabureta inakauka. Ukisubiri upepo unajipenyeza kidogokidogo ndo inawaka tena. Na kilichoziba ni rangi niliyopuliza kwa mikono yangu mwenyewe. Nikatoa pini kwenye mkoba wa mama mmoja aliyekuwa anasubiri daladala, nikakizibua, nikafika Mzumbe na kurudi. Koili ya zamani ilikuwa nzima, nimeitunza.

Tangu hapo matunzo ni ya kawaida tu. Oili kila kilomita 1500, karibu lita moja. Cheni naipima icheze kama sentimita 2, nahakikisha alama za nyuma ziko sawa kushoto na kulia la sivyo tairi inakaa upande. Tapeti kila miezi 3, siku hizi nusu saa nimemaliza.

Mwezi uliopita mzee alikuja. Hakuingia hata ndani, aliifuata pikipiki moja kwa moja, akaizunguka, akaitikisa kwa usukani kama alivyokuwa anafanya zamani kusikia kama kuna mafuta, maana haina geji. Akanyamaza. Akaitikisa tena.

"Nini hicho kinagonga kwenye tanki?"

Nikamweleza habari ya nati 30. Akainamisha sikio kwenye tanki, akatikisa mara ya tatu, akasema iache, ikisikika sana ujue petroli inakaribia kwisha.