Nilivyofaulu hesabu za pH za asidi dhaifu bila kukariri fomula saba

Ushauri ulionichelewesha kuliko wote kwenye Kemia ya kidato cha sita ulitoka kwa mtu mwenye nia njema kabisa. "Mdogo wangu, msawazo wa ioni, yaani hesabu za pH za asidi na besi, una fomula saba. Zikariri, mengine yatajipa." Bure ghali. Madesa niliyopewa yalikuwa na fomula ya asidi dhaifu, ya besi dhaifu, mbili za bafa (mchanganyiko unaozuia pH isiyumbe), na tatu za chumvi kutegemea nani alikuwa dhaifu na nani alikuwa kali. Mimi nilikuwa mtahiniwa wa kujitegemea, mchana nipo dukani Chikongola, Mtwara, usiku ndiyo nasoma, na sina mwalimu wa kumgeukia nikikwama. Mtu wa hali hiyo akibeba fomula bila kujua zilikotoka, mtungaji akigeuza swali kidogo tu amekwisha.

Kilichonitoa ni kujizoesha kuuliza jambo moja kabla sijagusa kikokotoo: vurugu zote zikishaisha, ndani ya chupa amebaki nani, na kiasi gani? Nikishajibu hilo, nachora jedwali langu la mwanzo, badiliko na mwisho, naandika Ka au Kb (kipimo cha nguvu ya asidi au ya besi: vilivyotoka vikizidishwa, gawa kwa kilichobaki), basi. Jedwali nachora hata swali likiwa jepesi.

Chukua asidi ya ethanoiki, hii ya kwenye siki, ya 0.1 M, yaani moli 0.1 kwa lita. Ka yake kwenye nyuzi 25 ni 1.8 × 10⁻⁵. Kwenye jedwali, hidrojeni iliyoachiwa ni x, asidi iliyobaki ni 0.1 − x, na kwa kuwa x ni ndogo mno tunaiachia 0.1 ibaki 0.1. Hapo x² ni Ka × 0.1. Kipeuo cha pili cha 1.8 × 10⁻⁶ ni 1.34 × 10⁻³, na pH, ambayo ni −log ya x, ni 2.87. Katika kila molekuli mia, ni moja na kitu tu iliyoachia hidrojeni yake. Amonia ya 0.1 M ina Kb ya 1.8 × 10⁻⁵ pia, kwa hiyo 2.87 hiyohiyo inakuwa pOH (kipimo cha upande wa besi), na pH ni 14 kutoa hiyo, 11.13. Hapo umeshamaliza fomula mbili za desa.

Sasa tatizo la desa ni hapa. Ile fomula ya asidi dhaifu, mimi naiita ya nusu, pH = ½(pKa − log C), ambapo pKa ni −log Ka na C ni ukolezi, imebeba kimyakimya ile hatua ya kuipuuza x, na hakuna anayekwambia. Asidi ya kloroethanoiki Ka yake ni 1.4 × 10⁻³. Ukipewa ya 0.01 M, fomula ya nusu inakupa x ya 3.74 × 10⁻³, pH 2.43. Angalia hiyo x: ni asilimia 37 ya asidi yote! Kanuni ya kawaida ni kwamba ikizidi asilimia 5 huruhusiwi kuipuuza. Hapo wenzangu huingia kwenye mlinganyo wa kwadratiki, na alama za kutoa na kujumlisha zinawala dakika.

Mimi nina njia yangu na ninaipenda kupita kiasi. Kwenye kikokotoo cha kawaida cha sayansi, bonyeza 0 kisha =. Halafu andika kipeuo cha pili cha 1.4 × 10⁻³ × (0.01 − Ans), Ans ikiwa kitufe cha jibu lililopita. Sasa bonyeza = tu. Linakuja 3.74 × 10⁻³. Bonyeza tena: 2.96. Tena: 3.14. Tena: 3.10. Tena: 3.11. Namba inapanda na kushuka, kila safari kwa hatua fupi zaidi, mpaka inatulia kwenye 3.11 × 10⁻³. pH ni 2.51. Fungua kwadratiki uhakikishe, utapata ileile. Kinachofanyika ni kwamba kila jibu linarudi ndani kusahihisha kile kiasi cha asidi kilichobaki. Kwenye karatasi ya majibu andika mzunguko wa kwanza na wa mwisho, msahihishaji aone ulichofanya.

Lakini kilichonifanya niamini hizi namba ni siki. Jamaa yangu aliniombea nafasi kwenye maabara ya shule moja hapa mjini, Jumamosi, wanafunzi hawapo. Nikaenda na chupa ya siki ya dukani, buku mbili hivi, imeandikwa asilimia 5. Gramu 50 kwa lita, gawa kwa 60 ambazo ni gramu za moli moja, ni 0.83 M. Hesabu inasema pH 2.4, na karatasi ya pH ikakaa kati ya 2 na 3. Nikazimua mara kumi. Asidi kali pH yake ingepanda hatua nzima. Siki inapanda nusu tu, 2.9, kwa sababu ya kile kipeuo: ukiizimua, molekuli nyingi zaidi zinaachia hidrojeni kufidia.

Kisha nikataka kuipata Ka mwenyewe. Mtunza maabara akanipa methili oranji, indiketa ya kuonyesha kwa rangi asidi imeisha lini unapoidondoshea besi, yaani unapotitreti. Nikamwambia hii ni asidi dhaifu, akajibu, "Indiketa ni indiketa, wewe titreti." Nikatitreti. Rangi ikatoka nyekundu, ikaingia uchungwa, ikaenda njano polepole kama chai inayoongezwa maziwa, na hakuna tone hata moja unaloweza kusema hili ndilo. Na haiwezekani liwepo. Methili oranji inamaliza kubadilika kwenye pH 4.4, na kwa siki pH hiyo inafika wakati hata theluthi ya asidi haijazimwa. Nikaomba ruhusa kutafuta kabatini, nikakuta kichupa cha fenolfthalini, indiketa nyingine, nyuma kabisa.

Mambo yakanyooka. Pipeti ya mililita 25 ya siki iliyozimuliwa, bureti ina NaOH ya 0.1 M. Matone yanaingia, waridi inatokea na kufutika, inatokea na kufutika, mpaka karibu na mililita 21 tone moja likaingia na waridi ikagoma kuondoka. Hesabu ilikuwa 20.8. Hapo hakuna asidi tena, wamebaki ethanoeti peke yao, yaani asidi iliyokwisha kuachia hidrojeni, na ethanoeti ni besi dhaifu: Kb yake ni 10⁻¹⁴ gawa kwa Ka, yaani 5.6 × 10⁻¹⁰. Ukipiga, pH ya chupa ile ni karibu 8.7, na fenolfthalini inaanza kubadilika kama kwenye 8.2. Ndiyo sababu inafaa.

Halafu sikumwaga. Nikaongeza pipeti nyingine ya 25 ya siki ileile. Waridi ikapotea palepale. Sasa ndani kuna asidi na ethanoeti sawa kwa sawa. Kwenye mlinganyo wa Ka wanakatana, na pH inabaki kuwa pKa. Karatasi ikasoma kati ya 4 na 5, pKa ni 4.74. Hata ungekuwa hujui ukolezi wa siki wala wa NaOH, ungeipata. Na fomula ya bafa ambayo watu wanailia viapo ni huohuo mlinganyo wa Ka: Henderson aliuandika 1908, Hasselbalch akauvika logi baadaye.

Nikamrudia mama na hizi habari, yeye amebangua korosho maisha yake yote, anajipaka majivu mikononi kabla ya kukaa. Mafuta ya ganda yana asidi ya anakadiki, ambayo ni asidi dhaifu, na yanachubua ngozi vibaya. Majivu yana kaboneti, besi dhaifu. Kaboneti sasa natumia kuwafundishia vijana wanaorisiti: Kb 2.1 × 10⁻⁴, ya 0.1 M, piga jedwali. Inatoka pH 11.65 hivi, na x inakaribia asilimia 5, kwa hiyo lazima ukague.

Nilipata B. Kwenye pepa, swali la chumvi lisikutishe: tenganisha ioni, futa zile zilizotoka kwa asidi kali na besi kali maana hazimenyuki na maji, aliyebaki ndiye wa kuchorea jedwali. Wakibaki wawili, mmoja asidi na mwingine besi, kama amoniamu ethanoeti, linganisha Ka na Kb zao kwanza. Hapo zinalingana, na pH ni 7 bila kupiga chochote.