Karati si karati

Jana nimekwenda kwa sonara hapa Malindi kutafuta pete ya posa, mfukoni akiba ya miezi minane, kichwani sina kitu. Akaniambia, "Hii karati 18." Nikafurahi kama mtoto siku ya Idi. Shangazi yangu akanifinya mkono: "Kumi na nane ya dhahabu au ya jiwe?"

Kumbe! Karati ya dhahabu ni usafi, 18 kati ya 24. Ya almasi ni uzito, na karati moja ni gramu 0.2 tu. Kajiwe kenyewe robo karati.

Nikakahemea nione kama ni almasi kweli. Mvuke ukapotea upesi, nikamtazama shangazi kwa ushindi. Akacheka: hata moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, hufanya hivyo hivyo. Akaomba kioo cha kukuza mara 10. Pembeni nikaona kidoa cheusi kama chembe ya pilipili manga. Yeye hakukijali, alikuwa anatazama mkato. Jiwe likikatwa vibaya mwanga hutokea chini badala ya kurudi machoni, na hata liwe safi vipi litakaa kama kipande cha chupa (lile nalo lilipooza katikati).

Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z yenye umanjano. Sonara akasema letu ni G. Cheti cha maabara? Hakuna, kwa mdomo tu. Tukaaga.

Mchumba naye kasikia yote, kasema pete ya fedha ya Lamu ingemtosha. Sasa anasema!