Mchele wa Mgeni

Nilishuka kwenye treni Kigoma mwezi Julai 2016, mara yangu ya kwanza kuvuka mpaka wa Kenya. Nilikuwa nimetoka Mombasa kwenda kujitolea kuwafundisha kusoma watoto waliobaki nyuma darasani. Kutoka Dar es Salaam reli hiyo ina zaidi ya kilomita 1,200, na miguu ilikuwa imenivimba kwa kukaa. Mama aliyenipokea stesheni (sikuwahi kumwita jina lingine) alinipokonya begi, akasema, "Karibu nyumbani, mwanangu." Tukaenda Kibirizi, karibu na mwalo wanakoshushia samaki wavuvi, mahali ambapo ziwa unalisikia ukiwa kitandani.

Usiku ule mwezi ulikuwa mpevu. Nilisimama uani nikiutazama ulivyolimulika Ziwa Tanganyika, nikasema sijapata kuona uzuri kama ule. Mama alitabasamu. Baba alikuwa kwenye kigoda akishona wavu, hakuinua uso.

Siku tano mfululizo niliandaliwa wali sebuleni, peke yangu, kwenye sinia lililofunikwa kwa kawa. Siku mbili kati ya hizo ulikuja na kuku. Mama na watoto walikula jikoni. Kwetu pwani pia mgeni hupewa kilicho bora, kwa hiyo nilikula nikashukuru, sikuuliza.

Siku ya sita nilifuatana na kitinda mimba wao kwenda dukani kununua sabuni. Alikuwa darasa la tatu, na kila jioni tulikuwa tukikazana na silabi. Sasa alisoma kila andishi lililompitia mbele, hata mifuko ya saruji. Mwenye duka alipofunua daftari la madeni, mtoto akaliinamia, akaanza kusoma kwa kidole, taratibu, kwa fahari: "M-che-le wa m-ge-ni, ki-lo mo-ja. Mchele wa mgeni, kilo moja. Ku-ku wa mgeni." Akaniangalia, akingoja nimsifu. Nilimsifu. Machozi niliyazuia mpaka tulipotoka.

Jioni nilimuuliza Baba. Alinieleza bila kulalamika: dagaa hufuata taa, na usiku wa giza taa ya mvuvi ndiyo mwanga pekee majini. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hutawanyika, taa haivuti kitu. Basi mitumbwi hupandishwa mchangani, na nyumba hukaa bila fedha hadi giza lirudi.

Nikaingia jikoni. Wao walikuwa wameuzunguka ugali wa muhogo na sombe, yaani kisamvu, iliyoungwa kwa mawese. Nikanawa mikono, nikakaa mkekani.

Mama alisimama. "Majirani watasema nini? Mtoto wa watu katoka Mombasa, mimi namlisha muhogo?"

"Muhogo nimekulia, Mama. Sisi twaupika kwa nazi. Nataka kuujua wenu."

Alikaa kimya kirefu. Najua nilimgusa pabaya. Ule wali ulikuwa heshima yake, na mimi nilikuwa naukataa mbele ya wanawe. Mwishowe alisogea, akanimegea tonge la kwanza kwa mkono wake. Harufu ya mawese ilikuwa nzito kuliko nilivyozoea, na rangi yake ilibaki kwenye kucha zangu hadi kesho yake. Niliongeza mara mbili.

Giza liliporudi, taa za wavuvi zilitanda ziwani kama mji. Alfajiri nilishuka mwaloni na Mama kupokea dagaa, tukawaanika, tukawageuza kutwa nzima huku tukifukuza kunguru. Deni la dukani lililipwa kwa dagaa wale. Mtoto ndiye aliyesoma mistari huku mwenye duka akiifuta mmoja mmoja.

Mwezi ulipoandama tena na kuanza kunenepa, nilitoka uani usiku nikauangalia, nikahesabu siku kwa vidole. Kisha nikarudi ndani kumuuliza Mama kama muhogo tulioanika utatosha.