Matusi, viapo na jina la mama: kwa mnaorudi nyumbani

Ukijigonga kidole cha mguu kwenye kizingiti huko Uingereza, neno linalokutoka ni tusi lisilo na mwenyewe. Ni uchungu tu unatafuta pa kutokea, na jirani akisikia hajali. Huku kwetu aliyejigonga huita "Mama wee!" au "Mama yangu!", Mwislamu huenda akasema "La haula!", na wazee wa pwani bado wana "Yalaa!" yao. Tusi la Kiswahili linataka mtu wa kulipokea. Ukilitoa peke yako chumbani na mtu yuko kibarazani, atataka kujua limetumwa kwa nani. Sisi tuliorudi baada ya miaka mingi tulijue hili kabla ya mengine yote, maana mdomo uliozoea kutukana hewa, ukifika Kariakoo, hutukana watu.

Tena Kiingereza, kwa vitenzi kama "swear" na "curse", huchanganya mambo ambayo Kiswahili kimeyatenga. Anayeapa humfanya Mungu shahidi. Anayeapiza humwombea mwenzake baya. Anayetukana huvua watu nguo, na yale mazito kabisa tunayaita matusi ya nguoni, kwa kuwa hutaja kilichositiriwa. Mara nyingi anayevuliwa ni mama wa anayetukanwa, mtu ambaye hata kwenye ugomvi hayupo.

Hapo ndipo tunapoonekana tulivyo. Nina ni neno la kale la mama. Nyoko ni mama yako. Leo watu wengi wanayajua maneno haya mawili kwa njia ya matusi tu, na nyoko bila nyongeza yoyote inatosha kuleta ngumi. "Mama yako!" nayo, ikitamkwa kwa mkazo na kuachwa hapo hapo, imeshakuwa tusi. Kwa hiyo unapomjulia hali mzazi wa mwenzako, uliza "Mama hajambo?" au "Bi mkubwa anaendeleaje?" Fala, boya na zoba vijana hurushiana kijiweni siku nzima wakaagana kwa amani, kwa sababu mzigo wake anaubeba mtu mmoja. Linalomgusa mama limegusa ukoo.

Na hata katika yale mepesi kuna ngazi. Mjinga hajui, akifundishwa atajua. Mpumbavu anajua na hafuati, hivyo neno hili linauma zaidi. Mshenzi lina historia yake: ndivyo watu wa pwani walivyowaita watu wa bara, na mtu wa bara akiambiwa hivyo na mtu wa pwani husikia hayo yote. Liache kabisa.

Kuna tusi lisilo na neno pia. Msonyo hupigwa kwa kubana ulimi nyuma ya meno na kuvuta hewa ndani. Mfupi, ukiwa umeudhiwa na foleni, unapita. Mrefu, macho yakiwa kwa mtu na mdomo ukibetuliwa mwishoni, ni tusi kamili. Mbele ya mkubwa hata ule mfupi haufai.

Ukilazimika kutaja ya mwilini, kwa mfano hospitali, lugha imekwishakuandalia njia: haja ndogo, haja kubwa, sehemu za siri. Kwenye mazungumzo ya watu wazima tanguliza "hashakum si matusi", ndipo useme. Atakayesikia bila kutanguliziwa atajua umekaa mbali.

Viapo navyo utavikuta kila kona: wallahi, haki ya Mungu, Mungu mmoja, na haki ya nani kwa anayeogopa kulitaja Jina bure. Watoto hulamba kidole cha shahada, wakakipitisha shingoni na kukielekeza juu. Muuza nguo atakuapia kuwa bei hiyo hapati faida, nawe usimdai ushahidi, punguza bei kwa upole. Ila kiapo cha kudhamiria ni jambo jingine. Mwislamu aliyekula yamini kisha akaivunja ana kafara: kulisha maskini 10 au kuwavisha, na asiyeweza hufunga siku 3; ila yale yanayoponyoka ulimini bila kusudio hayahesabiwi. Usimlazimishe mtu kuapa ili umwamini. Kumwambia "apa!" mbele ya watu ni kumwita mwongo.

Sasa zawadi, maana hapa wengi huteleza. Unaingia dukani, unachukua doti kadhaa za kanga kwa rangi zake, unazigawa kwa mashangazi na mawifi. Kila kanga ina maandishi karibu na pindo la chini, na maandishi hayo huitwa jina. Wifi akifungua akakuta "Hasidi hana sababu", umemwambia ni hasidi, na hakuna rangi itakayokuokoa. Pwani kijembe kina heshima kuliko tusi la wazi, na kanga ndiyo kinapokaa. Kunjua kila doti hadi pindoni, usome, ndipo ulipe. Kwa mama, "Nani kama mama" haijawahi kukosea.

Utani una mipaka yake. Mtani msibani aweza kuiga mwendo wa marehemu au kulala kaburini mpaka apewe kitu, na wafiwa hucheka huku machozi yakiwatoka. Anafanya hivyo kwa sababu ukoo wake na wao ni watani. Neno lile lile kutoka kwako, usiye mtani wao, ni tusi, tena la msibani. Uliza kwanza. Mpirani kuko wazi zaidi: Utopolo ni Yanga, Makolo ni Simba, majina ambayo huenda uliondoka hayapo, na hakuna mwenye haki ya kuyakasirikia.

Likikutoka zito, lishughulikie mapema kabla halijafika kwa mjumbe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 89, hulifanya tusi kuwa kosa pale linapoweza kuvunja amani, na kifungo chake hufika miezi 6. "Samahani" iliyotupwa njiani haitoshi. Tafuta mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, nendeni nyumbani kwake yule uliyemkosea, sema wazi "Nafuta kauli yangu", kisha omba radhi. Kama ulimtaja mama yake, nenda kwa mama huyo pia. Usilirudie neno lenyewe unapoeleza ulichosema; "nilimtukana vibaya" inatosha. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Mtajie mama yako.