Mdogo amfunze mkubwa: tulivyoendesha mpango wa usawa kazini Kigoma

Wakuu wetu walikuwa hodari wa kuhudhuria semina za jinsia na ulemavu. Walirudi na vyeti, na mlango wa ofisi ukabaki na ngazi zake 3. Kwa hiyo nilipopewa kuratibu masuala ya usawa katika ofisi yetu ya Kigoma mjini, yenye vituo Kasulu na Kibondo, niliweka semina kando nikachukua njia ya mdogo kumfunza mkubwa. Njia hiyo ilivuma mwaka 1999, Jack Welch, mkuu wa kampuni ya Marekani ya General Electric, alipowataka wakuu wapatao 500 wafundishwe intaneti na vijana wao. Sisi tulibadilisha somo tu: mkuu ajifunze kazi ilivyo kwa aliye chini.

Nilianza na jozi 6 za mkuu na mdogo, kwa kuwa zaidi ya hapo mratibu mmoja hazifuatilii. Katika kupanga jozi, mkuu asiwe yule anayesaini likizo, mkataba au tathmini ya mfunzi wake, yaani yule mdogo anayemfunza. Mtunza stoo wa Kasulu alipangwa na mkuu wa fedha, karani wa mapokezi na mkuu wa miradi. Wafunzi waliomba wenyewe. Ukimteua mtu kwa sababu anatembelea magongo, umemfanya bango, na kila kikao ataulizwa "watu wenye ulemavu wanataka nini?" kana kwamba wote walimtuma.

Kabla ya kikao cha kwanza nilikaa saa 2 na wafunzi peke yao. Kila mmoja aliandika mambo 3 anayotaka mkuu ayaelewe, na jambo 1 ambalo hatalizungumza hata akiulizwa. Wakuu nao nikakaa nao saa 1, na zoezi lao lilikuwa moja: uliza, sikiliza, hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo ndipo ujibu. Lionekane la kitoto, lakini ndilo lililowashinda wengi. Tumelelewa kwamba mkubwa hunena na mdogo huitikia. Mkuu asipojizuia, dakika ya tano ameshaanza kutoa nasaha.

Vikao vilikuwa vya dakika 45, kila baada ya wiki 2, kwa miezi 6. Havikufanyika ofisini kwa mkuu. Kiti kile kikubwa na ile meza humfunga mdogo mdomo. Tulitumia chumba cha mikutano, au chini ya mwembe uani pale joto lilipozidi. Shikamoo hatukuifuta, maana kuifuta ni kumtesa kijana aliyelelewa vizuri. Ila baada ya salamu, mfunzi ndiye anayefungua mazungumzo na ndiye anayeyafunga.

Suala la posho litakuja, jiandae nalo. Posho ya kikao tulikataa, kwa sababu mtu akilipwa kuongea na bosi atamsifu bosi. Nauli ya kutoka vituoni tulirudisha, na muda wa kikao ulihesabiwa kuwa saa za kazi, ukaandikwa kwenye ratiba ya mfunzi ili msimamizi wake asimnunie. Vikao vya simu tulivijaribu kwa jozi ya Kibondo tukaviacha: mtandao ukikatika mara 2, hakuna tena anayesema la moyoni.

Kila kikao kiliisha na ahadi 1 ya mkuu, iliyo ndani ya uwezo wake bila kuomba bajeti, ya kutekelezwa kabla ya kikao kijacho. Mimi niliandikiwa ahadi hiyo tu. Aliyosema nani sikutaka kuyajua. Mji wetu ni mdogo, neno likitoka asubuhi jioni liko Ujiji.

Ahadi hizo ndizo zilizobadilisha mambo. Kikao cha saa 1:30 asubuhi kilisogezwa. Saa 2 za kunyonyesha kwa siku, ambazo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazitoa, zilianza kuandikwa kwenye ratiba badala ya mama kuziomba kama fadhila. Sharti la leseni ya pikipiki liliondolewa kwenye matangazo ya kazi ambazo mtu hapandi pikipiki. Ngazi za mlangoni zilihitaji bajeti, hivyo zilipelekwa kwenye menejimenti: kimo cha sentimita 45, kwa mteremko wa 1 kwa 12 (kila sentimita 1 ya kimo, sentimita 12 za urefu), ni njia ya kiti cha magurudumu ya mita 5.4, na fundi aliyetaka kuijenga ya mita 2 alirudishwa.

Gumu kuliko yote lilikuwa utani. Wenyeji wetu wengi ni Waha, na kuitwa "Mrundi", kana kwamba ni mgeni kutoka Burundi, mbele ya watu kulichekewa na kila mtu, pamoja na anayeitwa. Mkuu husema, "Si anacheka?" Anacheka kwa sababu asipocheka ataambiwa hajui utani. Nilichowaambia wafunzi wakieleze ni hiki: utani una pande 2. Je, karani anaweza kumrudishia mkurugenzi? Kama hawezi, hapo hakuna utani, na sheria ileile ya ajira inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila au alikotoka.

Jozi 1 ilivunjika, mkuu aliahirisha mara 3 mfululizo. Sasa nina kanuni: akiahirisha mara 2, nabadilisha mkuu, simbadilishi mfunzi. Awamu ya pili tuliipunguza hadi vikao 8, kwani kuanzia cha 9 jozi nyingi zilikuwa zimeishiwa, zikawa zinajadili Simba na Yanga.