Mwaka wa tatu ndo wenyewe

Jamani mi nilikaribia kumtoa binti yangu shule ya Montessori, zile ambazo watoto wanajifunza kwa kushika vifaa wenyewe, akiwa na miaka mitano, wifi alishanijaza maneno eti kule wanacheza tu, wenzake washajaza madaftari. Bahati nikaenda kuchungulia. Darasa moja lina watoto wa miaka 3 mpaka 6, mtoto anakaa humo miaka mitatu na wangu ndo yuko wa tatu, huku kuchanganya umri kupo tangu Maria Montessori, daktari Mwitaliano aliyeanzisha mfumo huu, alipofungua shule ya kwanza Roma 1907, basi nikamkuta wangu kakaa mkekani kashika kidole cha kadogo kamoja anakipitisha juu ya herufi za msasa (zimekatwa kwa karatasi ya msasa, mtoto anazipapasa ajue zinavyoandikwa), na wala hajatumwa na mtu! Mwaka juzi yeye ndo alikuwa anashikwa kidole. Na zile shanga za kuhesabia, elfu moja zimeunganishwa pamoja, alizokuwa anabeba tu, sasa anajumlishia. Ada inauma ila haendi popote.